Mdogo wangu kapewa mkopo ila ada imekatwa zaidi ya nusu, chuo kinafungua wiki ijayo, tufanyeje?

FundiWaSingida
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana hapa kichwa kinauma kweli. Mdogo wangu wa kike kamaliza fomu siksi mwaka huu, kachaguliwa chuo cha serikali Dodoma kusoma uhasibu. Majina ya mkopo ya awamu ya kwanza yametoka jana usiku tukaingia kwenye SIPA, ile akaunti yake ya mtandaoni ya Bodi ya Mikopo, chakula na malazi kapewa yote, vitabu na viandikwa kapewa, ila ada ni 1,300,000 na yeye kapewa 500,000. Inabaki laki nane na nyumbani hiyo hela hakuna. Mimi ni fundi cherehani, mama analima alizeti na vitunguu, ndo hivyo tunaishi.

Baba alishafariki, alifia kijijini, na wakati wa kuomba tulikuwa na kibali cha mazishi cha mtendaji tu, cheti cha kifo hatuna kwa hiyo pale kwenye uyatima hakuna kilichohakikiwa. Sasa maswali yangu: akae nyumbani tusubiri rufaa kwanza au aende hivyo hivyo? Na kuna mama mmoja hapa mtaani anakopesha kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, nichukue hiyo laki nane nimalize? Binti analia toka asubuhi, hali chakula.

Mzee_wa_Kondoa
Pole sana na hongera kwa binti, kufika hapo kwa mazingira hayo sio kazi ndogo. Kwanza kabisa AENDE AKASAJILIWE. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu kila mwaka naona vijana wanakaa nyumbani wakisubiri rufaa, chuo kinafunga usajili, na asiyesajiliwa Bodi haimlipi hata shilingi, hata hicho alichopangiwa kinarudi. Ile ada ya laki tano inaenda chuoni moja kwa moja, na hela ya chakula inaingia kwenye akaunti yake ya benki baada ya kusaini akiwa pale chuoni, sasa akiwa Singida atasaini vipi?

Pili hilo la cheti cha kifo ndo moyo wa rufaa yako. Rufaa bila karatasi mpya ni kurudia maombi yale yale, watakujibu vile vile. Kesho asubuhi nenda na mama kwa mtendaji mchukue barua, beba na kile kibali cha mazishi na vitambulisho vya mama, halafu mwende RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, pale wilayani, wilaya nyingi wako pale pale ofisi ya mkuu wa wilaya. Kwa kuwa kifo ni cha zamani waulize kabisa mashahidi na viapo wanavyotaka ili usirudishwe. Cheti kikitoka usikiaplodi hivyo hivyo, kinatakiwa kihakikiwe kwanza kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa eRITA.

dada_mwaka_wa_pili
Naunga mkono aliyetangulia 100%. Mimi niko mwaka wa pili, mwaka jana nilipata ada pungufu kama huyo mdogo wako. Nilichofanya nilienda ofisi ya mshauri wa wanafunzi siku ya kwanza kabla hata sijatafuta kitanda, nikaandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu, nikaambatanisha barua ya serikali ya mtaa na printi ya mkopo niliopangiwa. Wakanikubalia nianze na kiasi. Ila ajue kwamba ikifika mitihani ya mwisho wa semista, asiyemaliza ada ya semista hiyo vyuo vingi havimpi namba ya mtihani, kwa hiyo awamu sio msamaha, ni muda tu.

Kitu kingine bum, yaani ile hela ya chakula na malazi, la kwanza kwa mwaka wa kwanza huwa linachelewa kidogo. Sasa hivi ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500, na linakuja la siku 60 yaani laki sita kwa mkupuo. Mpeni mchele, maharage, unga na hela ya wiki kadhaa. Na mwambieni asije akatoa laki sita yote kulipia ada, nimeona wenzangu wamefanya hivyo halafu wakaishi kwa uji mpaka wakaumwa. Atoe sehemu tu.

Kamanda255
Mi naona mnamzungusha tu bro. Kopa hiyo laki nane maliza dogo asome kwa amani, rufaa ikitoka unarudisha.

MamaVikoba
Kamanda hapana jamani. Asilimia 30 kwa mwezi kwenye laki nane ni 240,000 KILA MWEZI na deni lenyewe bado liko pale pale. Rufaa ikichukua miezi miwili ashatoa 480,000 ya riba tupu. Halafu hata rufaa ikipita ile hela inaenda chuoni haiji mkononi kwake, atarudisha na nini? Hizi kausha damu zimebeba vyerehani vya watu hapa mtaani kwetu, nimeona kwa macho yangu mama anabebewa cherehani chake na kitanda cha mtoto huku anaangalia. Wewe cherehani ndo jembe lako usikiweke rehani. Kama uko kwenye kikoba kopa huko kidogo cha kuanzia, laki mbili tatu, zingine ziende kwa awamu.

Mwalimu_Deni
Niongeze kwa upande wa kulipa maana wazazi wengi wanauogopa mkopo wenyewe. Mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mfano mwenye 700,000 anakatwa 105,000. Inauma ndio, zamani ilikuwa asilimia 8 wakapandisha 2016, lakini ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa inaongeza deni kila mwaka ilifutwa 2021 kwa hiyo sasa hivi ukilipa unaliona linashuka. Huu ni mkopo wa kupigania mpaka apewe yote, usilinganishe kabisa na huo wa mtaani.

Na kwenye rufaa, kama sekondari alisoma shule ya kulipia kwa msaada wa mtu au kanisa, weka barua ya huyo mfadhili. Bila hiyo inaonekana nyumbani mnajiweza.

FundiWaSingida
Mungu awabariki wote. Mwalimu umegusa penyewe, fomu tatu na nne alisomeshwa na parokia kwenye shule ya kulipia na ile barua hatukuiweka, kesho napita kwa paroko. Mama nimeshaongea nae, asubuhi tunaanza kwa mtendaji. Kwenye kikoba nina hisa, naweza kupata laki mbili na nusu. Swali la mwisho, cheti kikichelewa na dirisha la rufaa likafungwa inakuwaje?

Mzee_wa_Kondoa
Usisubiri siku ya mwisho, mtandao huwa unazidiwa. Barua ya parokia na ya mtendaji ziskani mapema ziwe tayari, cheti ukikifukuzia kila siku kinaweza kuwahi. Kisipowahi kata rufaa na hivyo ulivyonavyo, na cheti endelea nacho tu mpaka kitoke, mwakani dirisha la maombi likifunguliwa kiwe kimeshahakikiwa. Binti apande basi Jumapili.

dada_mwaka_wa_pili
Na akifika anicheki inbox, kama ni chuo changu nitampeleka mwenyewe mpaka kwa mshauri.