Dripu zimeisha, koridoni maboksi ya msaada yamefika darini!

Wakuu, heshima kwenu. Natunza stoo ya dawa kwenye hospitali moja huku Mwanza, jina naliacha. Nina hasira na leo sinyamazi.

Kipindupindu kilipopiga mialoni, wagonjwa wakawa wanaletwa usiku kucha. Macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Mahitaji yao yanajulikana: dripu za Ringer, ORS (chumvichumvi ya kunywa), antibiotiki ya doxycycline, zinki kwa watoto, klorini ya kutakasa maji na vyombo. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa kabisa anatakiwa aingiziwe lita 6 ndani ya saa 3. Hizo ni chupa 12 za nusu lita kwa mgonjwa mmoja!

Basi msaada ukaja. Gari likashusha mzigo, wakubwa wakapiga picha, wakasaini, wakaondoka. Stoo hatukuulizwa neno. Napasua boksi la kwanza, dawa za kushusha lehemu. La pili, matone ya macho. La tatu limeandikwa lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma, si daktari si mfamasia, na jina lililopo ni la kibiashara tu. Antibiotiki zilizokuwemo zilibakiza wiki sita muda wake uishe. Kuna pakiti zilikuwa zimeshatolewa vidonge vinne, yaani masalia ya mgonjwa wa huko zilikotoka! Dripu? Hata chupa moja haikuwemo.

Usiku uleule kijana wa mvuvi kutoka Igombe alinikuta pale koridoni. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, nimeambiwa dripu hakuna. Na haya maboksi yote je?" Nilikosa la kumjibu. Nikamwandikia akanunue mjini, akarudi na chupa nne, hela ikawa imeishia hapo. Baba yake tulimwokoa kwa chupa za kuazima kituo cha jirani.

Msiniambie kwamba anayepewa hachagui. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake, sisi chungu chetu hakuna aliyekiuliza. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu 1996: dawa ya msaada itokane na mahitaji yaliyotajwa na mpokeaji, ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, iandikwe kwa lugha inayoeleweka na jina la kitaalamu, na isiwe iliyorudishwa na wagonjwa. Bosnia kati ya 1992 na 1996 zilirundikana dawa zisizofaa zinazokadiriwa kufikia tani 17,000. Somo lipo miaka yote hiyo!

Na hasara haikuishia kwenye korido kujaa maboksi. Siku mbili watu watatu wa famasi tulikuwa tunachambua na kuhesabu takataka, huku wodini wakituita. Kuziteketeza nako huwezi kuchimba shimo nyuma ya wodi ukachoma, sembuse kuzitupa ziwani. Lazima TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wahusike, na gharama inatoka kwenye fungu lilelile la kununulia dripu.

Ninachodai ni kitu kimoja: asisaini mtu yeyote kupokea dawa kabla stoo haijaona orodha yenye majina, idadi na tarehe za kuisha muda. Isiyohitajika ikataliwe hukohuko kabla haijapakiwa.

Nimeshaandika barua mbili, hakuna jibu. Ya tatu naipeleka kesho asubuhi kwa mkono wangu, na nitasubiri mlangoni. Wenzangu wa Sengerema, Magu na Ukerewe, kwenu nani anasaini?