Ngannou ni ngumi nzito tu au kweli jamaa ana roho ngumu?

Mtoto wa Chikongola:
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini hapa, kijiweni kwetu bodaboda tumebishana tangu asubuhi mpaka abiria wanapanda za wenzetu. Kuna jamaa anadai Francis Ngannou, yule Mkameruni wa MMA (mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka), hana lolote, ana ngumi tu, ukimvumilia raundi mbili pumzi inakata kwisha habari, na kila ukimjibu anakutolea ile ya Januari 2018, bingwa wa wakati ule Stipe Miocic alivyomburuza raundi zote tano, majaji watatu wote 50-44. Mimi nasema kwenye MMA sijaona mtu mgumu kama yule ila nikibanwa nieleze naishia "si unaona mwenyewe alivyo", watu wanacheka. Nipeni hoja. Halafu dogo wangu ana miaka 19, msimu huu anabeba magunia ya korosho ghalani, anataka kuingia kwenye huu mchezo, je kachelewa?

Mzee wa Feri:
Bwana mdogo, mwambie huyo mwenzio atafute pambano la Ciryl Gane, Januari 2022, Anaheim kule California, huku kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi watu tuko na chapati mkononi. Ngannou kapanda ulingoni goti bovu, kano zimechanika mazoezini wiki chache tu kabla, wengine hapo wangeahirisha na hakuna ambaye angewalaumu. Na aliyesimama mbele yake sio mgeni, walishawahi kufanya mazoezi pamoja Paris, halafu kwenye kona ya Gane kakaa Fernand Lopez, kocha yule yule aliyempokea Ngannou Paris alipokuwa hana hata pa kulala, yani wanamjua nje ndani.

Raundi mbili za mwanzo Gane anamchezesha tu, anagusa anatoka, anagusa anatoka, tukajua mkanda wake wa ubingwa umeondoka. Ya tatu jamaa akabadilika, huyu mnayemwita mtu wa ngumi akaanza MIELEKA, akambeba mtu wa kilo 112 akambwaga chini puu, na goti lile lile bovu. Ya tano ndo tamu zaidi, Gane yeye ndo kamwangusha, yuko juu, badala atulie akaanza kuvizia kuukunja mguu, Ngannou kachomoka kamgeuzia kamkalia mpaka muda ukaisha. Kashinda kwa pointi. Sasa hapo ngumi iko wapi na pumzi imekatikia wapi?

Korosho Ghafi:
Mzee kaongea ila hata ile ya Miocic sio ya kuficha, ndo hoja yenyewe asee. Baada ya kile kipigo jamaa akaharibika kabisa kichwani, Julai 2018 kapigana na Derrick Lewis wakawa wanatazamana kama waliodaiana hela, watazamaji wanazomea, kapoteza tena. Wengi wakishafika hapo ndo basi. Yeye kaja kupiga wanne mfululizo raundi ya kwanza, Cain Velasquez sekunde 26, Rozenstruik sekunde 20, ukienda kununua maji ukirudi watu wanatoka. Kisha Machi 2021 karudi kwa Miocic huyo huyo, Miocic kajaribu kumwangusha kama zamani safari hii kagonga ukuta, raundi ya pili kalala. Muulize jamaa yako kama hiyo ni ngumi tu.

Kijana wa Masasi:
Sawa ila msimpambe sana, mbona Anthony Joshua alimlaza raundi ya pili tu Machi 2024?

Korosho Ghafi:
@Kijana wa Masasi ile boksi kaka, mchezo wa watu. Na kabla ya hapo Oktoba 2023 bingwa wa boksi Tyson Fury si alikalishwa raundi ya tatu na mtu ambaye ndo kwanza anacheza boksi ya kulipwa, majaji wenyewe wakagawanyika. Halafu Aprili 2024, mwezi mmoja tu baada ya Joshua, kafiwa na mtoto wake Kobe, hata miaka miwili hajafika. Oktoba mwaka ule ule wa 2024 karudi kwenye MMA kammaliza Renan Ferreira raundi ya kwanza. Mimi nimefiwa, najua, kuamka tu asubuhi ni kazi.

Mama Shangani:
Wanaume nyie mmeona Ngannou tu 😂 Kaangalieni akina dada wa MMA, Zhang Weili na Joanna Jędrzejczyk, Machi 2020, Joanna paji la uso limevimba mpaka sura imebadilika na bado anarusha ngumi raundi ya tano. Haya endeleeni.

Mzee wa Feri:
Nimesahau kumjibu kuhusu dogo. Hajachelewa hata kidogo, Ngannou huko kwao Batié, Kameruni, alikuwa mtoto mdogo anachimba mchanga kwenye machimbo, boksi kaanza na miaka 22, pambano la kwanza la MMA 2013 ana 27, tena baada ya kuvuka jangwa, kukwama Moroko na kuwekwa ndani Hispania miezi miwili. Ila magunia peke yake hayatoshi, mtafutie kwanza kocha wa boksi amfundishe miguu na kujikinga, mieleka na judo vifuate akipata mahali. Na asianze kupigana na watu mtaani akisema anafanya mazoezi, nawajua hao madogo wa ghalani.

Mtoto wa Chikongola:
Shkamoo mzee, hilo la mwisho kashaanza, juzi kaja jicho limevimba. Nampeleka kwa kocha wiki hii.