Mdogo wangu anajichubua, nianzie wapi kumsaidia?

DadaWaMbagala:
Habari za jioni ndugu zangu. Naishi Mbagala na mdogo wangu wa kike, ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita anasubiri chuo. Rangi yake ni maji ya kunde, ile ile ya marehemu mama. Utotoni hakuna aliyewahi kumwambia ana kasoro.

Mambo yalianza alipotafuta kibarua. Matangazo mnayajua: "Anahitajika binti wa mapokezi, awe na muonekano mzuri." Alikwenda sehemu moja na wenzake wawili, akachukuliwa yule mweupe. Huenda kulikuwa na sababu nyingine, ila yeye alirudi na sababu moja tu kichwani. Kisha kwenye sendofu ya binamu yetu mpiga picha akamwambia asogee nyuma, eti anaharibu mwanga. Mashangazi wakacheka. Mimi nilikuwepo, nikamwona anavyojikaza asilie.

Sasa anapaka mkorogo. Kopo la plastiki, halina lebo, na harufu yake kali inabaki kwenye mashuka. Anauziwa kwa kupimiwa: muuzaji anakamulia tyubu kadhaa kwenye losheni, anakoroga, anampa. Uso umekuwa mwekundu, akitembea juani kidogo tu unawaka. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, nyuma ya magoti imetoka michirizi. Alijaribu kuacha mwenyewe, uso ukavimba na kuwasha usiku kucha, akarudia. Sitaki kumfokea, kafokewa vya kutosha. Nianzie wapi?

Msaidizi wa Duka la Dawa:
Pole sana dada. Hapo alipoacha uso ukavimba ndipo pa kuanzia. Mikorogo mingi huwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi), mara nyingi klobetasoli. Ile ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na hata mgonjwa wa ngozi kwa kawaida hapaki zaidi ya wiki 2 mfululizo. Ukiipaka miezi, ngozi inakonda na kuizoea. Ukikata ghafla inalipuka. Watu wanadhani ngozi inadai mkorogo, wanaongeza. Kwa hiyo asijikatie mwenyewe tena. Daktari wa ngozi ndiye atakayepanga namna ya kumtoa. Kliniki ya ngozi ipo Muhimbili, na walio Kaskazini wana hospitali ya KCMC pale Moshi.

Kuna haidrokwinoni pia, inayozuia ngozi kutengeneza melanini, yaani ile rangi ya asili inayoikinga na jua, huenda ndiyo maana jua linamuunguza. Ikipakwa muda mrefu inaweza kugeuka na kuacha mabaka meusi ya kibluu mashavuni, na hayo kuyatoa ni kazi ngumu mno. Na kuna zebaki, hiyo inapita kwenye ngozi hadi kwenye damu na kuumiza figo. Kopo lisilo na lebo hakuna anayeweza kukwambia lina kipi. Nendeni nalo hospitali.

Mkweli Daima:
Miaka 19 ni mtu mzima, mwacheni. Wanawake mnachubuana wenyewe halafu mnatafuta wa kumlaumu.

Mama Saluni, Temeke:
Kaka, njoo ukae saluni kwangu Jumamosi moja. Bibi harusi anakaa kitini, mchumba kasimama mlangoni ananiambia, "Mng'arishe dada, asitoke mweusi kwenye picha." Mama mkwe mtarajiwa naye ana neno lake. Hao wote hawajapaka chochote, ila ndio wanaompeleka binti kwa muuzaji.

Na simu, jamani. Binti ananionyesha picha anayotaka kufanana nayo, naangalia naona ni yeye mwenyewe, kapitishwa kwenye filta: pua imechongwa, rangi imepanda. Nimfananishe vipi na uso ambao hata yeye hana? Nikimpaka poda ya rangi yake halisi anasema nimemzeesha.

Kukamatana kupo. Vipodozi hivi vimepigwa marufuku, siku hizi TBS, Shirika la Viwango, ndio wanaosimamia, na Rwanda waliingia madukani kuvizoa mwaka 2018. Mimi naunga mkono. Lakini kopo likiondolewa dukani, yale maneno ya sebuleni yanabaki.

Dada wa Mbagala, wale mashangazi waliocheka zungumza nao kabla hujazungumza na mdogo wako. Waambie wazi waliyomfanyia. Na picha za kwenda chuo mtafutie mpiga picha anayejua kazi. Taa hupangwa kwa mtu aliye mbele ya kamera, si mtu kusogezwa nyuma.

DadaWaMbagala:
Asanteni sana. Shangazi mkubwa nimempigia leo. Mwanzoni alisema ulikuwa utani, nikamtajia uso ulivyovimba, akanyamaza, kisha akauliza hospitali tunakwenda lini. Anataka kutusindikiza. Mdogo wangu kakubali, kwa sharti kwamba asisemwe mbele za watu.

Msaidizi, umenitisha na hiyo zebaki. Mwanangu wa miaka miwili analala kitanda kimoja na mama yake mdogo, wanatumia taulo moja. Kuna shida?

Msaidizi wa Duka la Dawa:
Ipo, na nashukuru umeuliza. Kama kopo lina zebaki, inahamia kwa anayeguswa, na kwenye mashuka na mataulo. Nyingine inapanda hewani, mtoto akaivuta. Kuanzia leo usiku alale kwako. Mataulo na foronya walizotumia pamoja weka kando kwenye mfuko uliofungwa mpaka mpate majibu. Kopo lifungeni vizuri kwenye mfuko wake, mbali na vyakula, msilichome moto. Mtoto mwende naye siku hiyo hiyo, mwambieni daktari wazi kwamba wanalala pamoja, na muulizeni kuhusu kupima mkojo wa wote wawili.