Kamusi ipi inaonyesha vizuri kitenzi kinaenda na kihusishi gani: Oxford, Longman au Collins?

Mtafuta_Njia
Wakuu habari za jioni. Mwisho wa mwezi nataka kununua kamusi ya Kiingereza, zile za wanaojifunza. Maana ya maneno hainisumbui. Kinachonitesa ni kupanga: kitenzi hiki kinafuatwa na "to", na "for", au hakifuatwi na kitu? Kila nikiandika, karatasi inarudi vineno hivyo vimezungushiwa wino mwekundu. Nimeziona Oxford Advanced Learner's, Longman na Collins COBUILD. Nichukue ipi? Msaada tutani.

Kifaru Mweupe
Karatasi ya nini? Tasnifu, kazi ya ofisini au mtihani? Unataka kitabu au hata simu sawa? Una shilingi ngapi? Mnaleta swali nusu halafu mnataka jibu zima.

Mwl. Mstaafu
Wakati tunasubiri majibu, mimi nasema COBUILD bila kupepesa macho. Ilitoka 1987 chini ya John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, na pembeni ya kila ukurasa iliweka safu nyembamba ya sarufi inayokuonyesha neno linakaaje kwenye sentensi. Maana zimeandikwa kwa sentensi kamili, kwa hiyo unaposoma maana umeshauona na mpangilio wake.

Uzuri zaidi uko kwenye vitabu vya sarufi walivyotoa baadaye: cha vitenzi 1996, cha nomino na vivumishi 1998. Humo unagundua kwamba vitenzi vyenye mpangilio mmoja mara nyingi ni ndugu kwa maana. Chukua "prevent", "stop", "discourage", "ban": vyote unamtaja mtu, kisha "from", kisha kitenzi chenye -ing, na vyote ni habari za kuzuia. Njoo kwa "rob", "deprive", "strip", "cheat": mtu, kisha "of", kisha kitu anachokikosa. "Trick", "force", "bully" vinachukua "into" na -ing, mtu anasukumwa afanye asichotaka.

Kwetu unasema "wamemnyima mtoto chakula", watendwa wawili wanakaa bega kwa bega, kihusishi cha nini? Kiingereza kinadai "deprived the child of food". Ukiangusha hiyo "of" huna sentensi.

binti_wa_Ngamiani
Mwalimu shikamoo. Nakubali nusu. Sarufi yao imeandikwa kwa vifupisho, na mtu mwenye haraka hawezi kukaa kujifunza vifupisho. Longman wanakuandikia mpangilio wenyewe kwa wino mzito, chini yake mfano. Basi. Hakuna kutafsiri alama. Na maelezo yao tangu toleo la kwanza la 1978 yanatumia maneno ya msingi kama 2,000 tu, hutumwi kutafuta neno jingine ili uelewe la kwanza.

Mwl. Mstaafu
Marahaba mwanangu. Vifupisho vyenyewe ni V, n, prep, yaani kitenzi, nomino, kihusishi. Hivyo navyo vinahitaji haraka gani?

Kifaru Mweupe
Mwalimu, usidharau suala la vifupisho. Ngoja niwasimulie. Nikiwa kidato cha tano nilinunua Oxford kwa muuza vitabu wa chini, vile vinavyotandazwa kwenye turubai. Ilikuwa toleo la zamani, lile la 1974. Bei ilikuwa nzuri mno, nami sikukagua. Nimefika nyumbani, nafungua "give", nakuta VP12A, VP13A. Nafungua "insist", nakuta namba nyingine. Kila kitenzi kina namba zake za mpangilio (VP ni "verb pattern"), na jedwali la kueleza namba hizo lilikuwa kwenye kurasa za mwanzo. Za kwangu zilikuwa zimechanwa! Nina kamusi nzima yenye majibu yote, ila yamefungwa na ufunguo sina. Nikamrudia muuzaji, akaniambia "kitabu kikishauzwa kimeuzwa". Nikaenda kwa mwalimu wa zamu wa shule yetu, akadhani VP ni sehemu ya tahajia, akaniambia niache ujuaji. Miezi kadhaa nilikuwa nikikisia namba kutokana na mifano. Nilichoambulia: 12A ni "give him a book", 13A ni "give a book to him". Zilizobaki sizijui hadi kesho.

Oxford wenyewe waliachana na namba hizo kwenye toleo la 1989. Kwa hiyo ukinunua mtumba, angalia mwaka, na hesabu kurasa za mwanzo kabla ya kutoa hela.

Mkutubi wa Zamani
Pole Kifaru. Tumheshimu lakini A. S. Hornby, mwandishi wa hiyo Oxford, maana alianza mbali. Alikuwa akifundisha Japani, na kamusi yake ikachapishwa Tokyo mwaka 1942. Oxford waliitoa kwa jina lao 1948. Mipangilio ile 25 ya vitenzi ilikuwa kazi ya mwalimu aliyeona wanafunzi wake wanakosea wapi.

Nirudi kwa mwenye mada. Nadhani unatafuta tatizo kwenye vitenzi wakati limejificha kwenye nomino. "Discuss" haitaki "about", ila "discussion" inaitaka. "Request" ikiwa kitenzi haitaki "for", ikiwa nomino inaitaka. Vivyo hivyo "demand", kisha "demand for". "Emphasize", kisha "emphasis on". "Contact", kisha "contact with". "Lack", kisha "lack of". Mtu anasoma nomino kwenye gazeti, kihusishi kinamganda, anakuja kukibandika kwenye kitenzi. Ukiyapanga pacha pacha hivi, wino mwekundu utapungua hata kabla hujanunua kitu.

Nairobi_Wetu
Hapo kwa "discuss about" umenigusa, Kenya nzima tunasema hivyo, hadi kwenye minutes za mkutano. Na "cope up with". Mimi nashangaa tukiambiwa ni kosa. Watu wengi hivi wakisema, si ishakuwa Kiingereza chetu?

binti_wa_Ngamiani
Iwe chenu mtaani. Kwenye mtihani wa mtu mwingine ni kosa.

Nairobi_Wetu
Basi waambie Waingereza wakubaliane kwanza. Wengine "different from", wengine "different to", Mmarekani anasema "different than". Wao wakitofautiana ni lahaja, sisi tukitofautiana ni makosa.

Mwl. Mstaafu
Andika "different from" popote duniani, hakuna atakayekugusa. Mengine tuwaachie wenyewe.

Mtafuta_Njia
Samahani wakuu, umeme ulikata. Ni IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, ile ya kitaaluma, mwezi ujao. Bajeti elfu sabini. Simu ninayo, bando ndilo la kuunga unga. Nakosea zaidi kwenye kueleza grafu.

Mkutubi wa Zamani
Ungesema tangu mwanzo! Kwa grafu huhitaji kamusi nzima, unahitaji familia ndogo. "Prices rose by 10%", kitenzi na "by". "A rise of 10%", nomino na "of". "A rise in prices", kinachopanda kinakuja na "in". "Rose from 20 to 30". Badilisha "rise" kwa "increase", "fall", "drop", mpangilio ni uleule. Sarufi ni robo ya alama za uandishi na msamiati robo nyingine, hivi vineno vinakugusa kote kuwili.

Kifaru Mweupe
Mwezi ujao? Usinunue chochote. Oxford, Longman, Cambridge na Collins zote zina kamusi bure mtandaoni, na kurasa za maneno hazili bando kama video. Hela hiyo kula nayo chakula cha mitihani.

binti_wa_Ngamiani
Simu? Akifungua kamusi dakika mbili, WhatsApp dakika arobaini. Kitabu hakina notifikesheni.

Mzee wa Posta
Ninayo Oxford Collocations ya 2002, inaonyesha nomino inaambatana na vitenzi na vihusishi gani. Nauza elfu hamsini.

Kifaru Mweupe
Kurasa za mwanzo zipo?

Mzee wa Posta
Zipo zote, njoo ukague mwenyewe. Imeandikwa jina la mke wangu tu.

Nairobi_Wetu
Speaking of wake: jamaa wa ofisi yetu aliandika kwenye fomu "I am married with Asha". Si tunasema nimeoana na Asha?

Mwl. Mstaafu
"Married to Asha". "With" hapana.

Mkutubi wa Zamani
Mwalimu, "with" ipo. "Married with two children" ni sahihi kabisa.

Mwl. Mstaafu
Hiyo maana yake ana ndoa na ana watoto wawili. Hajaoa watoto.

Nairobi_Wetu
Sasa fomu yake ashaituma, na Asha ndiye bosi wa HR 😂