Mrejesho: SMS za matangazo zimepungua, za "ile hela tuma kwenye namba hii" bado

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kuzuia meseji za bahati nasibu, mikopo na ofa za maduka, hapa Tanzania.

Zile za namba fupi zinazokata salio zimekwisha: niliingia menyu ya mtandao, sehemu ya huduma nilizojiunga, nikajiondoa moja moja. Ushauri wa kujibu STOP unafaa kwa namba fupi tu. Mtumaji anayeonekana kwa jina la herufi hapokei majibu, meseji inagoma kwenda. Hao nimewablock, ingawa akibadilisha jina anarudi. Duka moja nililiandikia barua pepe lifute namba yangu, nikataja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kimya tangu hapo.

Matapeli ndio wamenishinda. Kila meseji namba mpya, kublock ni kujichosha. Nazifowadi 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, kama mlivyosema; ukiulizwa namba iliyotuma, ijibu, maana fowadi huwa haibebi namba ya mtumaji.

Aliyetaja *106#, ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako: nimehakiki, laini zote ni zangu. Haizuii matangazo, ila piga tu.