Shilingi ya simba: ni ya fedha au la?

Mkazi wa Dodoma: Katika mkebe wa marehemu babu, huko Kondoa, nimekuta shilingi mbili za Afrika Mashariki zenye simba, moja ya 1942 na nyingine ya 1949. Sumaku haikuvuta hata moja. Je, zote ni za fedha?

Jibu la kwanza: Ndugu yangu, sumaku haikusaidii hapa, kwa kuwa haivuti fedha wala mchanganyiko wa shaba na nikeli. Tazama mwaka: hadi 1946 zilikuwa na fedha asilimia 25 tu, na kuanzia 1948 hazikuwa na fedha kabisa.

Jibu la pili: Tena ile ya 1942 ina maandishi «IND IMP», yaani mfalme wa India, ambayo ya 1949 haina. Tafadhali usizisugue kwa majivu.

Mkazi wa Dodoma: Ahsanteni. Ya 1942 nimekwisha kuisugua.