Mjadala: Ubao wa kuchorea utoke kwenye kozi za mitambo, saa zake zipewe otomesheni?

FundiWaMiwa, Muhoroni

Nianze na msimamo wangu ili anayetaka kunirukia ajue pa kurukia. Ubao wa kuchorea na rula ya T vimekula saa nyingi mno katika diploma ya ufundi mitambo. Kijana anakaa muhula mzima na penseli ya 2H akichora jeki ya skrubu kwenye karatasi ya A2. Anapiga mistari ya mkato, ile ya mshazari inayoonyesha chuma kilichokatwa, kwa nyuzi 45, anafuta, anapiga tena kwa sababu nafasi kati ya mistari haikulingana. Otomesheni inakuja mwishoni mwishoni, kwa chaki, na hakuna waya hata mmoja anaougusa.

Mimi niko kwenye matengenezo, ukanda wa sukari. Viwanda vya huku ni vya zamani, Muhoroni ni ya 1966, Chemelil 1968, na mtu anaweza kudhani hapa ni nyundo na spana tu. Lakini siku hizi kipande cha kinu kikichakaa na kubadilishwa, kinachowekwa mara nyingi huja na sensa, yaani kihisio cha kupima, na sensa inataka PLC, ile kompyuta ndogo ya kuendesha mashine. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne, Nzoia, Chemelil, Sony (South Nyanza) na Muhoroni, kwa wawekezaji binafsi. Mwekezaji hatakuuliza mistari yako ya mkato ilikaaje.

Vijana wa atachimenti wakifika huwa nawauliza swali moja. Sensa ya kimo cha maji ya boila inatuma mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Ukisoma 12, maji yako wapi? Nusu, wengine wanapata. Ukisoma sifuri je? Karibu wote wanasema boila halina maji. Kumbe boila tupu kwenye kipimo hicho ni 4. Sifuri maana yake waya umekatika au sensa haina umeme, na hujui maji yako wapi kabisa. Hilo somo linafundishika kwa asubuhi moja. Asubuhi hiyo iko wapi? Iko kwenye jeki ya skrubu.

Kwa hiyo nauliza: kuchora kwa mkono kuondolewe kwenye mtihani, ndiyo au hapana?

LeithiKibuye, Kisumu

Hapana. Omera, wewe una kiwanda kina ofisi ya michoro. Njoo Kibuye uone kazi inavyoingia. Mtu wa posho mil anashuka kwenye boda na shafti iliyovunjika imefungwa kwenye gunia. Hakuna mchoro, hakuna kompyuta, na mwenyewe anataka kurudi Rabuor kabla giza halijaingia. Nachora kwa chaki juu ya bati: mwonekano wa mbele, mkato mmoja (kitu kikionyeshwa kama kimepasuliwa ndani kuonekane), vipimo. Mwanafunzi akishindwa hapo hanifai, hata kama laptopu yake ni ya bei gani.

Na hili la kompyuta nilipigie mstari. Nililetewa mchoro wa kijana mmoja, umechapishwa, unang'aa kama kalenda ya benki. Bushi, ule mkono wa chuma unaoshika shafti, tundu lake milimita 25, shafti 25. Nikamuuliza, hii shafti inazunguka ndani ya bushi au imekazwa? Akasema imeandikwa 25. Sasa mimi nitengeneze nini? Kwa kanuni za kimataifa za ISO 286, tundu la milimita 25 likiwa la daraja la H7 linaruhusiwa kuzidi hadi mikroni 21 (mikroni ni elfu ya milimita), lisipungue. Shafti ikiwa g6 inapungua kati ya mikroni 7 na 20, basi inazunguka na mafuta yanapata pa kukaa. Ikiwa p6 inazidi kati ya 22 na 35, na hapo utaiingiza kwa presi, haitoki kwa mkono. Zote mbili mtu anaziita "25". Programu ilimkubalia 25 kwa 25 bila kumgombeza. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angemgombeza.

FundiWaMiwa

Lakini hapo hujatetea ubao. Umetetea vipimo na mikazo, yaani kipande kikae huru au kibane kiasi gani ndani ya kingine. H7 inafundishika kwenye kompyuta vilevile, tena bila kufuta karatasi mpaka itoboke.

LeithiKibuye

Inafundishika. Je, inafundishwa? Wanafundishwa vitufe: bonyeza hapa upate duara, bonyeza pale upate mkato. Mkato unajitokeza wenyewe na mtoto hajui kilichokatwa ni nini.

MwalimuWaMchoro, Nakuru

Nimefundisha machine drawing miaka mingi, kwa hiyo nina upande, msinisingizie haki nisiyo nayo. Ila FundiWaMiwa anapiga pasipostahili.

Ubao haukuwekwa kwa ajili ya mkono mzuri. Uliwekwa kwa ajili ya jicho. Anayeanza hawezi kuangalia mionekano mitatu iliyolala kwenye karatasi akaona chuma kimesimama mbele yake. Hilo linakuja kwa kuchora taratibu, mstari mmoja baada ya mwingine, ukijiuliza kila mara: ukingo huu nikiutazama kutoka juu utaonekana au umejificha? Kompyuta inajibu kabla hujauliza. Ndiyo maana LeithiKibuye anapata watoto ambao mkato "unajitokeza".

Nitoe mfano. Kuna kanuni kwamba shafti, bolti, nati na mbavu za kuimarisha hazipigwi mistari ya mkato hata bapa la mkato likizipitia kwa urefu. Mwanafunzi wa ubao anaijua kwa sababu alikosa alama. Wa kompyuta anaacha programu ipige mistari kila mahali, na sehemu yenye ubavu mwembamba inaonekana kama bonge zima la chuma. Anayekadiria uzito wa kusubu kwa kuutazama mchoro huo ataagiza chuma cha ziada.

Mfano wa pili ndio unaonitoa usingizini. Sisi tumerithi mpangilio wa mionekano wa pembe ya kwanza kutoka Uingereza. Marekani wanatumia pembe ya tatu. Kwenye ule wa kwanza, ukitazama kitu kutoka kushoto, unachora ulichokiona upande wa kulia. Kwenye ule wa tatu unakichora kushoto palepale. Siku hizi mtu anashusha mchoro wa pampu kutoka intaneti, hasomi ile alama ndogo ya koni kwenye kisanduku cha jina, na fundi anatengeneza mabano ya kulia yakawa ya kushoto. Chuma kimeshakatwa. Otomesheni yako itakusaidia nini hapo?

Upande wa saa, nakubaliana kidogo na mwenzangu. Mtu akishachora plama bloku moja (kile kishikio cha beringi ya shafti) ikasimama sawa, ya tatu haimwongezei chochote. Sisi walimu tunairudia kwa sababu ni rahisi kusahihisha, na darasa ni kubwa.

StimaNaNyaya, Nakuru

Mnagombania shamba la watu. PLC ni kazi ya umeme.

Hata historia inasema hivyo. Kilichowasukuma watu wa mhandisi Dick Morley kutengeneza Modicon 084, mojawapo ya PLC za kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1960 ni General Motors kuchoka na makabati yaliyojaa rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme), ambayo kila modeli ya gari ikibadilika yanafumuliwa na kufungwa nyaya upya. Rilei ni za nani? Mchoro wa ngazi, ambao ndio unaoandikia PLC programu, unafanana na michoro ya rilei kwa sababu ulikusudiwa mafundi wa umeme wausome bila kurudi shule. Ukimpa mtu wa mitambo kufunga waya, atafunga kitufe cha kusimamisha mashine kama anavyofunga cha kuwashia: mguso wazi, unafungika ukibonyezwa. Panya akila waya huo, mashine haisimami tena na hakuna anayejua mpaka siku ya hatari. Kitufe cha kusimamisha kinaungwa mguso wake ukiwa umefungika muda wote, ili waya ukikatika mashine isimame yenyewe. Watu wa mitambo wachore, sisi tufunge, na FundiWaMiwa apunguze presha.

FundiWaMiwa

Mkuu, la kitufe umesema kweli tupu na nitalinakili kwa vijana wangu. La shamba hapana.

Nikupe kisa kutoka kinu kimoja, jina niache. Kuna mfereji uliosimama unaolisha miwa iliyopasuliwa kwenye kinu. Ndani yake kuna sensa zinazotazama kimo cha miwa. Kikipanda, mkanda unapunguza mwendo. Kikishuka, unaongeza. Sensa ya juu ikawa inakufa kila mara. Jamaa wa umeme anabadilisha, wiki haiishi imekufa tena. Programu ikapekuliwa kutoka juu hadi chini, nyaya zikapimwa, vyote sawa. Aliyetatua ni fundi wa mitambo aliyeomba mchoro wa mkato wa ule mfereji. Mabano yaliyoshika sensa yaliwekwa pale ambapo miwa ikianguka inajipinda na kugonga ukuta. Akachora mabano mapya upande wa pili, yakachomelewa, basi.

Huyo alihitaji vitu viwili kichwani kwa pamoja: namna miwa inavyoanguka na kazi ya sensa. Ukigawanya kama unavyogawanya, wa umeme ataendelea kubadilisha sensa na wa mitambo ataendelea kusema si kazi yangu.

MwalimuWaMchoro

Umenifurahisha. Umemaliza kisa chako kwa mchoro wa mkato.

FundiWaMiwa

Kuusoma, Mwalimu. Sikusema aliuchora kwenye A2 muhula mzima.

BintiWaSpana, Kakamega

Mulembe. Mimi ndiye mnayemwongelea, niko mwaka wa pili, na mnaongea kana kwamba sipo.

Mwalimu, shida yangu iko pembeni ya hayo yote. Kwetu kazi ya vikundi inagawanywa hivi: wasichana wachore kwa sababu "mna mikono safi", wavulana washike mashine na paneli. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila kundi linaangukia hapo na mkufunzi anapita tu. Nachora vizuri sana, asanteni. Paneli nimeiona kwa mgongo wa wavulana. Kwa hiyo ninaposikia ubao ulindwe kama somo lake peke yake, nasikia mimi nikilindwa mbali na PLC. Na nikisikia ubao ufutwe, nasikia kitu pekee ninachokiweza zaidi ya darasa zima kikifutwa. Lolote mtakaloamua, liwe mtu mmoja anapita hatua zote kwa mkono wake mwenyewe.

Pia acheni kusema hakuna vifaa kana kwamba mjadala unaishia hapo. LibreCAD na FreeCAD, programu za kuchorea, ni bure. OpenPLC ni bure na mchoro wa ngazi unaandikwa humo. Tuko wanne na laptopu moja ya zamani ya kaka ya mwenzetu, tunaandika programu ya kujaza tangi, tunaiona ikitembea. Kinachokosekana ni tangi, vali na sensa halisi ya kuharibika mikononi mwetu, maana kwenye kompyuta vali haikwami kamwe.

StimaNaNyaya

Dada, hiyo ya mwisho ni kweli. Vali ikikwama, PLC inaamini imeifungua kwa sababu imeiamuru. Bila swichi ndogo kwenye mkono wa vali ya kurudisha habari, unadanganywa na mashine yako mwenyewe. Na hiyo swichi sharti mtu aichoree pa kukaa. Haya, nawaachia nusu shamba.

LeithiKibuye

Binti ana hoja kuliko sisi wote. Ukimaliza pita Kibuye, ila uje na mikono isiyoogopa grisi.

BintiWaSpana

Mzee, grisi ninayo tayari. Leteni leithi.

MzaziWaAhero

Naomba kuuliza bila kuharibu. Kijana wangu anaanza Septemba. Orodha ya chuo ina ubao, rula ya T, seti skwea, kompasi, halafu chini kabisa imeandikwa "laptopu ikiwezekana". Vyote siwezi. Nianze na nini?

MwalimuWaMchoro

Mama au baba, ubao usinunue kwanza. Vyuo vingi vina ubao darasani, aulize. Rula ndogo, seti skwea, kompasi imara na penseli mbili, 2H ya mistari myepesi na HB ya kukoleza, zinatosha kuanza.

FundiWaMiwa

Na kalipa ya vania, kile kipimo cha unene na upana, hata iliyotumika, tena ya mkono, si ya betri. Laptopu isubiri mwaka wa pili.

Kwa wengine, swali langu halijajibiwa na sijalisahau. Mwalimu amekubali plama bloku ya tatu ni bure. Basi tupige hesabu papo hapo: ubao ubaki muhula wa kwanza, mtu achore mpaka jicho lifunguke, kisha ufungwe kabatini. Tangu vyuo vianze kuingia mfumo wa CBET, ule wa mafunzo yanayopima umahiri, anayetahiniwa anatakiwa aonyeshe umahiri wa kufanya kazi. Apewe pampu inayovuja, aipime, aichore kwa mkono kwenye karatasi ya kawaida, aipeleke kwenye kompyuta na mikazo yake imeandikwa, kisha afunge sensa ya kimo na kitufe cha kusimamisha. Peke yake, si kwa kundi, kama Binti alivyosema.

MwalimuWaMchoro

Muhula mmoja hautoshi. Miwili. Na pampu hizo za kuvuja atatoa nani?

LeithiKibuye

Pampu zinazovuja? Njoo na lori.

StimaNaNyaya

Kitufe nitakisahihisha mimi. Atakayekifunga wazi aanze upya.

FundiWaMiwa

Miwili siikubali, Mwalimu. Tuendelee.